Kuchagua pawasaplai inayoifaa kompyuta yako ya mezani

Anayeunda kompyuta ya mezani hapa Mwanza, hasa kwa vifaa vya mtumba, aanze kwa kujumlisha wati kabla hajauliza bei ya pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Prosesa ya wati 65, kadi ya picha ya wati 170, pamoja na wati zipatazo 60 za mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), diski na feni, hufika takriban 295. Kwa kuwa matumizi hupanda ghafla kwa vipindi vifupi, mimi ningechukua ya wati 500.

Hata hivyo, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni isikuhadae. Soma kwenye lebo safu ya volti 12, kwa maana prosesa na kadi ya picha hula huko: ampea 38 zikizidishwa kwa 12 ni wati 456, zinazoitosha mashine hiyo, ilhali pawasaplai inayojigamba kuwa na wati 500 huku ikionyesha ampea 18 tu hapo inakupa wati 216.

Kisha linganisha plagi: pini 24 za mazabodi, 8 au 4 za prosesa, na 6 au 8 za kadi ya picha. Plagi za pini 8 za prosesa na za kadi hufanana machoni, lakini nyaya zake zimepangwa kinyume, kwa hiyo usilazimishe. Pima pia nafasi ndani ya kasha.

Ukikuta swichi ndogo nyekundu nyuma, hakikisha inasomeka 230 kabla ya kuchomeka. Niliwahi kuisahau kwenye 115, nyumbani Kirumba. Ulisikika mlio mmoja tu, kisha moshi.