Chunga ripita kabla mvua ianze: vile redio za emajensi zinakaa hewani Nairobi

Kama unachunga redio za ambulensi, za zimamoto, ama hata za kikundi cha mtaa cha kuokoa watu wakati wa mafuriko, hii ni yako. Redio kol ya mkononi inatoa kama wati 5 tu, na Nairobi ni mabonde na magorofa, mtu akiwa chini kule mto Mathare hawezi kupatana na mwenzake wa Karen moja kwa moja. Ndio maana tunaweka ripita juu, Ngong ama kwa jengo refu, inashika sauti kwa frikwensi moja inairusha kwa ingine. Sasa hiyo boksi moja ikizima, kila mtu amenyamazishwa. Na Aprili 2024 mafuriko ilikuja usiku, watu wakiwa wamelala.

Anza na daftari. La karatasi, lifungwe na kamba hapo hapo kwa kabati ya ripita, maana lile linakaa ofisini halisomwi na mtu akiwa saiti. Kila mwezi ukienda andika tarehe, volti za betri, wati zinazoenda kwa antena na wati zinazorudi kutoka kwa antena badala ya kutoka hewani. Ripita huwa haifi ghafla, inakuambia miezi kabla, shida ni hakuna mtu anaandika. Kuna moja nilikuwa nachunga, wati zinazorudi zilikuwa 1 na nusu, mwezi uliofuata 2, halafu 3, na mimi kila safari naona iko sawa tu juu silinganishi na ile ya nyuma, mpaka usiku mmoja wa mvua ikanyamaza kabisa na watu wa ambulensi wakaanza kutafutana na simu. Bado inaniuma.

Kwa ripita ya wati 40, ikirudi 1 na nusu uko sawa, hiyo ni SWR (kipimo cha vile antena inarudisha nguvu, ikipanda ni mbaya) ya 1.5. Ikifika 4 na kitu SWR yako ni 2, hapo usingoje mwezi ingine, zima transmita, vaa hanesi na upande mlingoti, lakini si wakati kuna mawingu ya radi.

Mara nyingi huko juu utapata ni maji. Inaingia kwa koneka ya antena, inashuka ndani ya kebo polepole, na ikishaingia hukaushi, ni kubadilisha. Kwa hivyo funga vizuri kutoka mwanzo: kaza koneka, zungushia ile tepu ya mpira inajishika yenyewe huku ukiivuta sana, halafu juu yake tepu nyeusi ya stima, na uzungushe ukitoka chini ukipanda ndio kila mzunguko ulalie ule wa chini kama mabati ya paa, maji iteleze ipite. Pale kebo inaingia kwa chumba, iachie tumbo ishuke chini ya tundu kwanza ndio ipande, maji idondokee nje. Na tafadhali usipake ile silikoni iko na harufu ya siki, inakula shaba.

Kebo yenyewe usibane pesa. RG-58 ile nyembamba, mita 30, kwa 450 MHz inakula karibu desibeli 10, yaani unatuma wati 40 kutoka chini na juu zinafika 4. LMR-400, ile nene, urefu huo huo inafikisha zaidi ya 20. Hata kusikia ni hivyo hivyo, mwenye redio ya wati 5 akiwa mbali na betri imeisha nusu ndiye anapotea wa kwanza, na huyo ndiye anahitaji msaada.

Sasa betri, hapa ndio watu wengi wanaumia. Piga hesabu hivi: ripita inakula ampea 10 ikirusha na 1 ikisikiliza, siku ya shida inarusha kama theluthi ya wakati, kwa hivyo wastani ni 4. Betri ya asidi ya 100Ah (ampea-saa 100) usiishushe zaidi ya nusu, basi uko na masaa 12 hivi, na hiyo ni ikiwa mpya. Blakauti ya 25 Agosti 2023 ilianza usiku na kuna sehemu ziliamka Jumamosi bado hazina stima, na hata JKIA giza iliingia juu jenereta ilikataa kuwaka. Kwa hivyo usiamini taa ya kijani ya chaja. Zima swichi kubwa ya stima kabisa, rusha kwa redio, kaa nusu saa ukisoma mita. Betri nzuri ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama volti 12.7, ukiona inateremka chini ya 12 haraka ukirusha, hiyo imekwisha hata kama ilinunuliwa juzi. Chaji ya kuishikilia iwe kati ya 13.5 na 13.8. Na usiiweke chini ya mabati ya moto, joto likizidi nyuzi 25, kila 10 zinazoongezeka zinapunguza maisha yake karibu nusu.

Jenereta nayo iwashwe kila wiki ikibeba mzigo wa ukweli, si kunguruma tupu dakika mbili. Ikikataa, angalia kwanza betri yake ya kustata, na upime dizeli na kijiti, juu inaibiwa.

Waya ya ethi pia inaibiwa, shaba ina soko, kwa hivyo ifukie na kila ukienda iguse na mkono wako uone iko. Mlingoti, kabati na kizuia radi zote ziungwe pamoja. Dupleksa, ile boksi inatenganisha kurusha na kusikia kwa antena moja, usiiguse, zile skrubu zake zimetiuniwa na mashine, ukizungusha moja tu ripita inajiziba masikio yenyewe. Na leseni ya frikwensi ya Communications Authority ilipwe kwa wakati.

Halafu kuna siku itakufa tu, hata uchunge aje. Kwa kila redio weka chaneli moja haipitii ripita, redio kwa redio, iwe namba ile ile kwa kila mtu, mimi huweka ya 16 juu unazungusha kinobu hadi mwisho hata gizani. Asubuhi kila kituo kiitwe kwa zamu, kibonye kitufe cha kuongea, kingoje sekunde moja ndio kiseme, na mara moja kwa mwezi hiyo kuitana ifanywe kwa 16 ripita ikiwa imezimwa. Andika nani amesikika na nani amekosa, ule wa bondeni amekosa tafuta mtu wa kusimama kwa mlima katikati ampitishie ujumbe, na jina la huyo mtu liandikwe kwa daftari leo.