Namna ya Kumsikiliza Mpiga Besi Kabla ya Kumwita Bora

Wapenzi wa muziki wanapoulizana ni mpiga besi gani wanayempenda kuliko wote, majina yanayotajwa kwanza huwa ya wale wenye vidole vyepesi, na mabishano yanayofuata hufanana na ya mashabiki wa riadha: nani ana kasi, nani alipiga solo ndefu, nani anatumia nyuzi sita wakati wenzake wanatumia nne. Kipimo hicho ni rahisi kukitumia, na ndiyo sababu kinapendwa, lakini kinawaacha nje wapiga besi wengi ambao nyimbo zao tumezicheza na kuziimba miaka nenda miaka rudi bila kujua ni nani aliyekuwa amezibeba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza orodha yako mwenyewe kwa kusikiliza. Niseme mapema ninakoelekea: jambo linalomtambulisha mpiga besi upesi kuliko yote si pale noti yake inapoanza, bali pale inapokoma.

Anza na chombo cha kusikilizia. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa mtetemo mzito kiasi hicho. Unachokisikia kwenye simu ni zile sauti nyembamba zinazoambatana na noti, kisha ubongo wako unajaza msingi uliokosekana. Ndiyo maana unaweza kuifuata besi kwenye simu ukajua inapanda au inashuka, lakini usiweze kuhukumu uzito wake wala urefu wa kila noti. Tumia spika za masikioni zinazoziba vizuri, au spika kubwa iliyowekwa mbali kidogo na kona ya chumba, kwa kuwa kona huikuza besi na kuifanya iendelee kuvuma hata baada ya mpigaji kuizima. Usiongeze besi kwenye mipangilio ya sauti. Kishawishi ni kikubwa, nakiri, lakini besi iliyoongezwa hufunika mwisho wa noti, na mwisho huo ndio tunaoutafuta.

Baada ya hapo chagua wimbo mmoja na uusikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza uifuate besi kwa mdomo wako mwenyewe, ukiiimba kwa sauti ya kusikika, hata kama sauti yako haishuki hadi kule chini. Oktavu moja au mbili juu yake, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi, inatosha. Usipoweza kuiimba, bado hujaisikia, umeihisi tu. Mara ya pili usikilize besi pamoja na ngoma peke yake, ukipuuza kila kitu kingine. Mara ya tatu uuache wimbo upite mzima, na utaona kwamba besi haitaki tena kurudi nyuma ya pazia.

Wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni James Jamerson, aliyepiga besi katika studio ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitoka kwenye ile besi kubwa ya mbao ambayo wanajazi huipiga wakiwa wamesimama, akahamia kwenye gitaa la besi la Fender Precision, na nyuzi zake alizipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Nyuzi zenyewe zilikuwa za uso bapa, hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, na chini ya kifuniko cha chuma karibu na daraja la gitaa kulikuwa na kipande cha sponji kilichozigusa. Matokeo yake ni noti inayoanza ikiwa nene na kufa mapema, karibu kama pigo la ngoma. Hapo ndipo ilipo siri ya wingi wa noti zake: kwa kuwa kila moja inaondoka upesi, anaweza kupanga nyingine tatu au nne kati ya maneno ya mwimbaji pasiwe na msongamano. Chukua albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, ambayo ndiyo kwanza ilimtaja Jamerson kwenye jalada baada ya miaka mingi ya Motown kutoandika majina ya wapigaji wake, na ujaribu kuuimba mstari wa besi wa wimbo unaobeba jina la albamu. Utaishiwa pumzi, kwa sababu hakai sana mahali pamoja, anaruka kutoka noti ya msingi hadi noti za kupitia na kurudi kabla kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, haijabadilika. Hata hivyo msikilizaji wa kawaida hasikii fujo yoyote, anasikia wimbo mtulivu. Rudia zoezi hilo kwa siku kadhaa kabla ya kwenda kwa mwingine, maana sikio lililozoea kumfuata Jamerson halipati shida kubwa kwingineko.

Kisha nenda upande wa pili kabisa, kwa Jaco Pastorius. Gitaa lake maarufu, Fender Jazz la mwaka 1962, halikuwa na freti, yaani vile vichuma vya kukingama shingoni vinavyokata uzi mahali panapojulikana. Bila freti, kidole chenyewe ndicho kinachokata uzi, kwa hiyo noti inaweza kuteleza, kutikisika na kuendelea kuimba kama sauti ya mtu. Kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1976, na kwenye kazi zake na kundi la Weather Report, watu wengi husikiliza kasi yake na kuduwaa. Wewe zifuate noti zake ndefu. Sikiliza namna zinavyokonda polepole zikiwa bado zinatikisika, na pale anapoziacha zipotee badala ya kuzizima, halafu ulinganishe na Jamerson ambaye noti yake imekwisha kuzikwa zamani. Ukishaisikia tofauti hiyo, umepata rula ambayo utaitumia kwa kila mpiga besi mwingine, awe wa roki, wa rege au wa dansi.

Kuna mfano mmoja wa besi isiyo na freti ambao siwezi kuupita. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini alipiga kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland, na katika wimbo You Can Call Me Al kuna solo fupi sana ya besi ambayo nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume kwenye mkanda. Katika nusu hiyo ya pili mwisho wa kila noti unasikika kwanza, unavimba, kisha unakatika pale ambapo kidole kiligusa uzi. Ni fundi wa studio na mpigaji kwa pamoja wanaotuonyesha, bila kukusudia, kwamba noti ya besi ina mkia.

Suala linalofuata ni uchaguzi wa noti chini ya kodi. Katika kila kodi, mpiga besi anayetaka usalama hupiga noti ya msingi na kukaa hapo. Anapochagua nyingine, kodi ileile hubadilika tabia: inakuwa na wasiwasi, au inaonekana kuelea, au inaonekana kusubiri kitu. Carol Kaye, aliyekuwa mpiga gitaa kabla ya kushika besi katika studio za Los Angeles, alipiga katika sehemu kubwa ya albamu ya Beach Boys ya mwaka 1966, Pet Sounds, ambamo mtunzi wao Brian Wilson aliandika besi inayokwepa noti ya msingi mara kwa mara. Kaye hutumia kipande kigumu cha kupigia nyuzi badala ya kidole, na kwa sababu hiyo mwanzo wa noti zake husikika wazi hata kwenye redio ndogo. Paul McCartney wa Beatles amesema zaidi ya mara moja kwamba albamu hiyo ilimwathiri katika upigaji wake wa besi, na ukisikiliza wimbo Something wa mwaka 1969 utasikia besi inayouimba wimbo wa pili chini ya ule wa mwenzake George Harrison. Mimi nadhani McCartney wakati fulani hujaza mno katika wimbo huo. Wapo watakaonikasirikia, lakini orodha ya mtu ni lazima iwe na mahali pa kusema hivyo.

Kwa uhusiano wa besi na ngoma, usianze na roki, anza na rege na fanki, ambako uhusiano huo uko wazi kama mchana. Aston Barrett, aliyejulikana kama Family Man, alipiga besi ya kundi la Wailers la Bob Marley huku kaka na mdogo wakiwa pamoja jukwaani, kwa kuwa mpiga ngoma Carlton Barrett alikuwa ndugu yake. Katika mtindo wao wa kawaida ngoma inaliacha pigo la kwanza likiwa tupu na kuangukia la tatu. Hesabu moja hadi nne kwa sauti wimbo ukiwa unaendelea, uangalie ni mapigo gani ambayo Barrett hagusi kabisa. Kimya chake kina mipaka mikali kama noti zake. Kwenye fanki mambo yamegeuzwa: Bootsy Collins, aliyeingia katika bendi ya James Brown mwaka 1970, alifundishwa kulitilia mkazo pigo la kwanza na kufanya atakalo katika yaliyobaki. Naye Larry Graham, kabla ya kujiunga na Sly and the Family Stone, alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma, hivyo akaanza kuugonga uzi kwa kidole gumba kuziba nafasi ya ngoma kubwa ya mguu, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole kingine kuziba nafasi ya ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Mtindo huo leo unapigwa kwa mbwembwe kila mahali, na wengi wanaoupiga wamesahau kwamba ulianza kama njia ya kuziba pengo.

Ukiipenda rege, sikiliza pia mtindo wa Kyuba ambao Israel López, aliyeitwa Cachao, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake. Humo besi huipiga noti ya kodi inayokuja kabla kodi yenyewe haijafika, kwenye pigo la nne, na mara nyingi hukaa kimya kwenye pigo la kwanza. Mwanzoni utadhani umepoteza hesabu. Hujapoteza.

Jazi inahitaji subira tofauti, kwa kuwa besi yake ya kutembea hupiga noti moja kwa kila pigo na sikio vivu husikia mwendo tu. Zoezi bora ninalolijua ni wimbo So What kutoka kwenye albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, ambamo Paul Chambers ndiye anayepiga melodi huku vyombo vingine vikimjibu. Muundo wake una baa 32, yaani vifungu vya mapigo manne manne: baa 16 za mwanzo ziko mahali pamoja, nane zinazofuata zinapanda nusu hatua, na nane za mwisho zinarudi chini. Usihesabu. Mfuate Chambers peke yake wakati wa solo za wengine, na uinue mkono kila anapopanda na kuushusha anaporudi. Siku utakapoweza kufanya hivyo bila kukosea kwa wimbo mzima, utakuwa tayari kwa Ron Carter, ambaye amerekodi zaidi ya mara 2,200 na ambaye kila noti yake hudumu hadi inapoipokeza inayofuata, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Utakuwa tayari pia kwa Scott LaFaro, ambaye pamoja na mpiga piano Bill Evans mara nyingi aliacha kutembea na badala yake akazungumza na piano. Rekodi zao za klabu ya Village Vanguard jijini New York ni za tarehe 25 Juni 1961, na LaFaro alifariki katika ajali ya gari siku chache baadaye akiwa na miaka 25.

Kuhusu roki nitasema kwa ufupi, maana wapiga besi wake hujitangaza wenyewe. John Entwistle wa The Who alipiga solo katika My Generation mwaka 1965, wakati ambapo besi haikutarajiwa kusimama mbele, na sauti yake kali yenye chuma iliwafungulia njia Chris Squire wa Yes na Geddy Lee wa Rush, ambaye juu ya kupiga huimba na kukanyaga kinanda cha miguu. Wasikilize kwa rula ileile.

Unapoandika orodha, usiipange kwa namba hadi uwe na angalau majina kumi, na mbele ya kila jina andika sentensi moja inayoeleza noti zake zinakoma vipi na wimbo ungepungukiwa nini bila yeye. Kwa swali hilo la pili kuna jaribio rahisi: shusha sauti zote za chini kwenye mipangilio, usikilize wimbo ukiwa mtupu kwa dakika moja, kisha uzirudishe ghafla. Wakati mwingine utagundua kwamba mpigaji uliyemsifu hakuacha pengo lolote. Irudie orodha kila baada ya miezi mitatu, na jina linaloanguka ulikate kwa mstari mmoja unaoruhusu lisomeke, usilifute. Mimi Ron Carter nimemkata mara mbili, na mara zote mbili nimelazimika kumwandika upya kwa wino.