Lenzi za zamani na kuvu la Pwani

Ndugu zangu wa Lamu mnaokusanya kamera za filamu, msihifadhi lenzi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Najua mkoba ule unapendeza, lakini ngozi hushika unyevu, na masika ikiingia kuvu hustawi humo. Mkoba uwe pambo la rafuni. Lenzi itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo. Kikisoma asilimia 40 hadi 50, vizuri. Kikipita 60, badilisha pakiti.

Kabla ya kununua, hata muuzaji akikuharakisha, fungua tundu la mwanga hadi mwisho (kwa lenzi ya Kisovieti ya Helios 44 ni alama ya f/2), mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili huku ukiinamisha lenzi. Vumbi kidogo si neno, halionekani pichani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache, iwe rahisi namna gani: kuvu hula tabaka lililopakwa juu ya kioo, na alama ile mara nyingi hubaki hata fundi akisafisha.