Jinsi ya kuomba nauli ya kwenda kuisemea jamii yako ya asili Umoja wa Mataifa

Mwaka 1923 Deskaheh, kiongozi wa Wahaudenosaunee, watu wa asili wa Amerika Kaskazini, alivuka bahari hadi Geneva akitaka Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, limsikilize. Alibisha hodi kwa zaidi ya mwaka, asipewe nafasi ya kusema. Leo nafasi ipo. Kinachowakwamisha wengi ni nauli. Ndiyo maana mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mfuko wa Hiari kwa ajili ya Watu wa Asili, unaowalipia wawakilishi tiketi na posho ya kujikimu.

Msianze na fomu. Anzeni na mkutano wa jamii. Mchagueni mtu, andikeni muhtasari, na kila aliyehudhuria atie saini au dole gumba. Kifungu cha 18 cha Tamko la Haki za Watu wa Asili la 2007 kinataka wawakilishi wachaguliwe na jamii zenyewe, kwa taratibu zao. Barua ya kumpendekeza mwombaji, yenye saini ya kiongozi wa jamii au shirika lenu, ieleze alichaguliwa lini, wapi na kwa njia gani. Barua inayomsifu mtu tu haina uzito.

Kisha amueni mnakwenda kikao kipi. Jukwaa la Kudumu la Masuala ya Watu wa Asili hukutana New York, kwa kawaida Aprili au Mei. Jopo la Wataalamu wa Haki za Watu wa Asili hukutana Geneva, mara nyingi Julai. Maombi hufungwa miezi mingi kabla, basi fuatilieni tangazo kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Fomu haijazwi kwa Kiswahili. Tafuteni anayekijua vizuri Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, kisha awasomee majibu yote kwa lugha yenu kabla ya kutuma. Hapa pana hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tamko lenyewe lilipoandaliwa, herufi moja, ile "s" ya mwisho katika neno la Kiingereza "peoples", ilibishaniwa kwa miaka, kwa sababu bila hiyo wahusika wangeonekana mkusanyiko wa mtu mmojammoja, si jamii zenye haki ya kujiamulia mambo yao.

Kwenye sehemu ya sababu, msiandike kwamba mnataka kujifunza. Andikeni jambo moja mnalolipeleka. Mfano: "Sheria ya hifadhi ilipitishwa bila sisi kuulizwa." Kisha kitajeni kifungu cha 19 cha Tamko hilo, kinachozitaka serikali zishauriane na watu wa asili kwa nia njema, zipate ridhaa yao ya hiari, ya mapema na yenye taarifa kamili, kabla ya kupitisha sheria inayowagusa. Elezeni pia kwamba bila msaada hamwezi kufika, kwani mfuko ni wa wasio na uwezo huo.

Kupata fedha si kusajiliwa. Usajili wa kikao hufanywa peke yake, na viza vilevile. Pasipoti iangaliwe sasa hivi, isije ikaisha muda katikati ya safari.

Ukumbini kwa kawaida mzungumzaji hupewa dakika 3 hivi. Fanyeni mazoezi kwa saa, na nakala ya hotuba iwafikie wakalimani mapema. Mjumbe akirudi, aisome hotuba hiyohiyo mbele ya mkutano uliomtuma, pamoja na majibu aliyopewa.