Ukiambiwa unastahili kuwa "mteja mtaalamu", kataa: spredi, hisa na pesa yako ya jasho Uingereza

Kampuni ya kubeti kwa spredi ikikupigia simu, na sauti yenye adabu ikakwambia kwamba kwa uzoefu wako unastahili kupandishwa daraja uwe "mteja mtaalamu", kata simu. Kama malezi yanakuzuia kumkatia mtu simu, mwambie utafikiria, halafu usifikirie. Jambo hili nitalirudia, mnivumilie. Mengine kuhusu masoko mtayasoma popote, lakini hili halimo kwenye video za wale vijana wanaojirekodi ndani ya magari ya kukodi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kwenye spredi hununui hisa wala dola. Unabashiri bei ya kitu itapanda au itashuka, na unaweka pauni kadhaa kwa kila pointi. Kampuni inakupa bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na tofauti kati yake, ambayo ndiyo spredi, ni chao tangu sekunde ya kwanza. Chukua FTSE 100, faharisi ya kampuni kubwa za soko la London. Ikiwa kwenye 8,000 na wewe ukaweka pauni 2 kwa pointi, umejitwisha mzigo wa pauni 16,000. Ila hawakuombi 16,000. Mteja wa kawaida anaombwa dhamana ya asilimia 5, yaani pauni 800, na hapo ndipo wabeba boksi wenzangu wanapopotea: mtu akiona zimeshikwa mia nane, anaamini anacheza na mia nane. Faharisi ikiteremka pointi 300, ambayo haifiki hata asilimia 4, pauni 600 zimeshaondoka. Na ukilala na beti wazi unatozwa gharama ya usiku, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo ule ni kama umekopeshwa.

Mwaka 2019 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, iliweka kinga za kudumu kwa wateja wa kawaida. Kiwango cha mzigo kina kikomo: mara 30 ya dhamana yako kwa sarafu kubwa, mara 20 kwa faharisi kubwa na dhahabu, mara 5 kwa hisa za kampuni moja moja. Fedha kwenye akaunti zikishuka hadi nusu ya dhamana inayotakiwa, kampuni inapaswa kuanza kukufungia beti. Bonasi za kuvutia wateja ni marufuku. Na kubwa kuliko zote, huwezi kudaiwa zaidi ya ulichoweka. Ukipigwa unabaki na sifuri, na sifuri si deni.

Mteja mtaalamu hana kinga hiyo. Someni tena sentensi hiyo.

Ili uitwe mtaalamu unatakiwa utimize mawili kati ya matatu: uwe umefanya miamala mikubwa, wastani wa kumi kwa kila robo ya mwaka, kwa robo nne zilizopita, uwe na uwekezaji unaozidi yuro 500,000, au uwe umefanya kazi ya kitaalamu kwenye sekta ya fedha angalau mwaka mmoja, kazi inayohitaji kuzijua biashara za namna hii. Mimi nyumbani nilikuwa benki, dirishani, nahesabu noti, nagonga mihuri na kuwafungulia wazee akaunti za pensheni. Bwana wa mauzo alifurahi kusikia hivyo. "Hiyo ni sekta ya fedha," akasema. Beti zangu zilikuwa nyingi, ukubwa wake hakuuliza sana. Fomu ikaja na maelezo ya kinga ninazoziacha, yameandikwa vizuri tu, na chini yake kisanduku cha kuweka tiki. Kilichonivuta nikaweka tiki ni dhamana: kwa FTSE ingeshuka kutoka asilimia 5 hadi 1.

Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2020 FTSE 100 ilifunga ikiwa 6,462. Nilikuwa nimebeti itapanda, pauni 10 kwa pointi, na stopu yangu, yaani agizo la kufunga beti bei ikifika pale nilipopanga, ipo pointi 60 chini. Kwa hesabu yangu hasara kubwa kabisa ilikuwa pauni 600. Wikendi ile Saudi Arabia na Urusi zilikuwa zimekosana kuhusu uzalishaji wa mafuta, juu ya hofu ya korona. Masoko yalipofunguka bei ya mafuta iliporomoka karibu asilimia 30, na Jumatatu FTSE ikafunga ikiwa 5,965. Stopu yangu ilifanya kazi, tena bila kasoro: ilifunga beti kwa bei ya kwanza iliyopatikana, na bei hiyo ilikuwa mamia ya pointi chini ya pale nilipoiweka. Soko lilikuwa limeiruka bila kuigusa. Kwenye skrini ya simu, mahali pa salio, palikuwa na namba yenye kistari cha kutoa mbele yake. Kabla ya saa nne asubuhi barua pepe ilishaingia kunitaka nilipe, imefungwa kwa salamu za heshima kama mwaliko wa harusi.

Ningekuwa mteja wa kawaida, namba ile ingesimama kwenye sifuri.

Kwa hiyo stopu ya kawaida si ukuta, ni ombi. Ipo stopu ya uhakika, ambayo unailipia, na hiyo kampuni inalazimika kuiheshimu kwa bei uliyoweka. Na msidhani korona ilikuwa ajali ya mara moja katika karne. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, na ndani ya dakika chache watu walikuwa wanadaiwa fedha ambazo hawajawahi kuzishika mkononi. Kampuni ya Alpari UK yenyewe ilifilisika kwa sababu wateja wake walishindwa kufidia hasara zilizozidi walichoweka. Wikendi, usiku wa uchaguzi, tangazo la benki kuu: usilale na beti wazi usiyoweza kuilipia ikienda kombo mara kumi ya ulivyopanga.

Deni hili si la kupigiana kelele na mwenye kibanda cha mikeka. Linadaiwa mahakamani. Hukumu ya deni ikitoka na usipolipa ndani ya mwezi, inakaa miaka sita kwenye kumbukumbu zako za mikopo, na wenye nyumba za kupangisha wanazichungulia, achilia mbali benki utakayoiomba mkopo wa nyumba.

Nami nina neno na Waingereza. Kwa mtoza kodi, spredi ni kamari, ndiyo maana faida yake haikatwi kodi. Kwa msimamizi wa fedha, jambo lilelile ni uwekezaji. Matangazo yanaisifia sana hiyo "faida isiyo na kodi". Tafsiri yangu ni kwamba serikali ingetoza kodi ingelazimika pia kuzitambua hasara, na hasara ndizo nyingi. Mwaka 2016 FCA ilichunguza sampuli ya akaunti za CFD, mikataba ya kulipana tofauti ya bei, ndugu wa damu wa spredi, ikakuta asilimia 82 ya wateja wamepoteza. Leo kila kampuni inatakiwa kuonyesha asilimia ya wateja wake wanaopoteza, na wanaiweka pale juu ya tovuti, wazi kabisa. Nchi hii haikudanganyi. Inakuandikia ukweli kwa Kiingereza safi, ikijua huna muda wa kusoma kwa sababu umetoka zamu ya usiku.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, nanyi nawapenda. Mpwa wangu ananiandikia: "Mjomba, nitumie pauni mia mbili tu nikuzalishie, tuna kundi la signo, wanatuambia lini tununue na lini tuuze." Mwanangu, anayejua bei itakwenda wapi kesho hana haja ya mia mbili zangu. Wengine wanataka mtu wa Uingereza awafungulie akaunti kwa jina lake, wao wacheze foreksi, biashara ya sarafu, wakiwa Mwanza au Kisumu. Msikubali. Jina kwenye akaunti ndilo jina litakalodaiwa, na kuazimisha akaunti ni kuvunja mkataba. Hela za chama pia zisiguse huko, hata kama mweka hazina ni wewe na nia yako ni njema. Tulizoea upatu wa nyumbani ukivunjika tunakaa kikao. Huku hakuna kikao.

Kabla ya kumtumia mtu senti, tafuta kampuni kwenye rejista ya FCA, na upige namba iliyoandikwa kwenye rejista, si ile uliyotumiwa na mtu wa WhatsApp. Matapeli wanaiba jina na namba ya usajili ya kampuni halali.

Hisa za kawaida ni habari nyingine. Kufungua akaunti ni kitambulisho, anwani na namba ya bima ya taifa. Tumia ISA ya hisa, akaunti ambayo faida yake haitozwi kodi ya Uingereza, kikomo pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi unaoanza tarehe 6 Aprili. Ukihamia nyumbani moja kwa moja unaweza kubaki nayo ila huwezi kuongeza fedha. Ukinunua hisa za Uingereza kuna ushuru wa stempu asilimia 0.5. Kwa hisa za Marekani jaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio Wamarekani, ili gawio likatwe asilimia 15 badala ya 30.

Ukinunua hisa kwa fedha yako mwenyewe, unaweza kupoteza yote lakini huwezi kudaiwa. Na yote ni yote kweli: waliokuwa na hisa za Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, ilipoanguka Januari 2018 hawakuambulia kitu. Mfuko wa fidia wa FSCS unakulinda hadi pauni 85,000 kampuni inayokushikia uwekezaji ikifilisika na mali yako isipatikane. Bei ya hisa ikishuka tu, mfuko huo haukulipi. Hata soko zima linaweza kukuchosha. FTSE 100 ilifunga mwaka 1999 ikiwa 6,930, na haikufunga juu ya hapo hadi Februari 2015. Gawio lilikuwa linaingia, sawa, lakini ada ya shule ya mtoto haisubiri miaka 15. Fedha ya kiwanja au ya karo isiingie kwenye hisa.

Kwa aliyekwisha kuweka tiki kwenye kile kisanduku: iandikie kampuni leo uombe kurudishwa kuwa mteja wa kawaida. Unaruhusiwa kuomba, na usiache beti wazi ukisubiri jibu. Kama unaamini hukustahili, omba nakala ya fomu na rekodi za simu, peleka malalamiko kwao kwanza, na zikipita wiki nane bila jibu la mwisho, au jibu likikukataa, nenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni za fedha. Barua ya jibu la mwisho inakupa miezi sita. Deni lililokwisha kuiva, wapigie StepChange, shirika la hisani la ushauri wa madeni, hawatozi. Na usitegemee GamStop, huduma ya kujizuia kucheza kamari mtandaoni, kukufungia mlango. Inazihusu kampuni zenye leseni ya tume ya kamari, wakati spredi iko chini ya FCA, kwa hiyo kuifunga akaunti itabidi uiambie kampuni yenyewe, kwa maandishi.