Somo: Kutazama ndege wa majini kando ya Ruzizi, Novemba hadi Machi

Bukavu hatuna theluji, lakini baridi ya Ulaya inatuletea wageni. Matope ya kule yakiganda, ndege wanaochokoa wadudu ndani yake wanakosa chakula, wanashuka mpaka kwetu. Utawakuta kwenye mawe pale Ruzizi inapotoka ziwa Kivu na kuanza kuteremka kuelekea Tanganyika.

Hatua ya 1: saa. Jua linachomoza upande wa Rwanda, na sisi tuko ng'ambo ya magharibi. Likishapita vilima, maji yanang'aa na kila ndege anaonekana mweusi. Basi fika saa kumi na mbili asubuhi, kabla halijapanda, au ngoja saa kumi jioni, likiwa mgongoni mwako. Mimi napenda jioni.

Hatua ya 2: mahali. Mto ni mpaka wa Kongo na Rwanda. Usielekeze darubini kwa askari, daraja wala bwawa la umeme. Wasalimie walinzi kwanza, waonyeshe kaye yako (daftari), waeleze unachotafuta. Wakikataa, rudi bila kubishana. Anayeanza aende ufukweni mwa ziwa, Nguba au Muhumba. Huko pia kuna ndege wengi wa kujifunzia.

Hatua ya 3: kutazama. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunakimbilia rangi. Uliza kwanza, anafanya nini? Anayeinamisha kichwa, mkia ukabaki juu, ni bata anayekula kwenye kina kifupi. Anayezama mzima na kuibukia mbali, mviringo, kama hana mkia, ni kibisi. Mnandi naye huelea mwili ukiwa chini sana, shingo tu ndiyo inaonekana. Baadaye hupanda jiwe akatandaza mabawa, maana manyoya yake hulowa maji.

Mgeni wangu mpendwa ni kitwitwi mdogo ambaye vitabuni huitwa Actitis hypoleucos. Mgongo ni wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe huo unapanda mbele ya bawa kama kidole. Hata akisimama, sehemu ya nyuma haitulii: juu, chini, juu, chini. Ukimkaribia anaruka chini chini juu ya maji, mabawa yakipiga haraka na kwa ugumu, kisha anatua jiwe la mbele na kuanza tena kutikisika. Ukishamwona mara moja, hutamsahau.

Hatua ya 4: kuandika. Tarehe, saa, mvua au jua, idadi. Hesabu mara mbili. Januari usiikose kabisa: tangu 1967 ndege wa majini huhesabiwa mwezi huo katika nchi nyingi, na hesabu ya mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, ndiyo inayoonyesha kama wanapungua.

Maswali ya wanachama

*Yaya, sina darubini. Nifanye nini?*
Mdogo wangu, anza na mdiria mweusi na mweupe. Anasimama hewani juu ya maji kabla ya kujitupa, unamwona kwa macho tu. Akitua karibu, tazama kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike mmoja uliokatika katikati.

*Bata mwenye mdomo wa njano naye ametoka Ulaya?*
Hapana, mama. Huyo ni wa Afrika, anazaa hukuhuku. Mgeni ni bata mdogo ambaye dume lake hupata mstari mweupe juu ya jicho. Lakini akifika kwetu mara nyingi bado amevaa rangi ya jike, mstari huo unarudi karibu na safari ya kurejea. Usimwandike kama huna hakika.

*Papa, mimi naona chupa za plastiki kuliko ndege. Niandike nini?*
Andika zote mbili. Takataka za mji wetu huteremka mpaka zikajazana kwenye bwawa. Kitwitwi akitafuta wadudu katikati ya chupa, andika hivyo hivyo, na mahali ulipomwona.