Babu kutoka Ayalandi kwenye sensa ya 1901 na 1911: tafuta kaya kwanza, jina baadaye

Wapo watu Dar es Salaam ambao babu au babu mzaa babu alikuja Tanganyika kutoka Ayalandi kwa kazi ya serikali, ya jeshi au ya misheni, akaacha watoto na jina. Jina hilo liliandikwa kwenye cheti kama karani alivyolisikia: Raili, Kio, Salivani. Mjukuu anafungua tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi, anaandika Raili, inamjibu hakuna, anaifunga akiamini familia ilipotea. Mara nyingi familia ipo palepale, imeandikwa O'Reilly, Reilly, Riley au Rielly.

Kwetu jambo hili si geni. Hamisi na Khamis, Athumani na Othman: ndugu wa tumbo moja, vyeti viwili, tahajia mbili, na safari za RITA kurekebisha. Sisi hubeba jina la baba na la babu, kwa hiyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. La Waayalandi lilishuka toka baba hadi mwana. Lililobadilika ni maandishi yake tu, kwa hiyo linatafutika.

Kwanza ujue kilichobaki. Sensa kamili za kabla ya 1926 ni mbili: ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911, na zote zinasomwa bure mtandaoni pamoja na skani za fomu zenyewe. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Four Courts jijini Dublin lilipolipuka na kuwaka moto vitani. Za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Mwaka 1921 haikufanyika kabisa kwa sababu ya vita, na ya 18 Aprili 1926 iliwekwa chini ya kifungo cha miaka 100, yaani hadi Aprili 2026. Mtu akikuahidi sensa kamili ya 1871 kwa malipo, shika pesa yako.

Kabla ya kukaa kwenye kompyuta, kusanya vya hapa nyumbani: vyeti vya ubatizo na ndoa, barua za zamani, maandishi ya kaburini. Kama alikuwa mtumishi wa serikali, Gazeti la Serikali la Tanganyika kwenye Nyaraka za Taifa za Tanzania linaweza kukupa tahajia aliyoitumia mwenyewe kazini. Unahitaji vitu vinne: kaunti aliyozaliwa, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, dhehebu, na jina la kwanza la ndugu yake yeyote. Hicho cha nne watu hukidharau, na ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kwenye kaunti angalia majina ya zamani pia: Laois iliitwa Queen's County na Offaly iliitwa King's County. Ubatizo wa Kikatoliki mara nyingi uliandikwa kwa Kilatini, hivyo Jacobus ni James na Gulielmus ni William.

Sasa tengeneza orodha ya tahajia. Majina mengi yalikuwa ya Kiayalandi, yakaandikwa na watu wenye masikio ya Kiingereza. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, aligeuka McGowan, na wengine wakatafsiriwa moja kwa moja wakawa Smith. O maana yake mzao wa, Mac au Mc maana yake mwana wa. Familia nyingi zilikuwa zimeziacha silabi hizo, kisha kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 zikaanza kuzirudisha, kwa hiyo Sullivan wa 1901 anaweza kuwa O'Sullivan 1911. Jaribu kila jina likiwa na O na bila O. Lijaribu na alama ya ritifaa, ile ya kwenye ng'ombe, kisha bila ritifaa, kisha ukiacha nafasi. Wachache walijaza fomu nzima kwa Kiayalandi, ukakuta Ó Súilleabháin kwa mwanamume na Ní Shúilleabháin kwa binti yake ambaye hajaolewa.

Halafu kuna kosa la mnukuzi aliyesoma mwandiko wa wino. T kubwa husomwa F, K husomwa R au H, S husomwa L, n husomwa u. Kwa hiyo badili hata herufi ya kwanza. Tovuti zinazotafuta kwa mfanano wa sauti mara nyingi hutumia mfumo uitwao Soundex, ambao huishikilia herufi ya kwanza na kugeuza zinazofuata kuwa tarakimu. Reilly na Riley wote hutoka R400, vizuri. Lakini Kavanagh ni K152 na Cavanagh ni C152, na O'Reilly anaruka hadi O640. Mashine haitakuonyesha kwamba ni jina moja. Kama kisanduku cha kutafutia kinakubali nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote, *avan*gh itawaleta Kavanagh na Cavanagh pamoja.

Chukua mfano. Cheti cha bibi kinasema baba yake ni James Kio, Mkatoliki, amezaliwa Wicklow yapata 1899. Kio ni matamshi ya Keogh, gh haisikiki. Orodha yako iwe Keogh, Kehoe, Keough, McKeogh, na kwa kosa la mwandiko, Heogh. Lakini usianze na orodha. Anza na 1911: kaunti Wicklow, jina la kwanza James, umri 10 hadi 14, jina la ukoo liache tupu. Majibu yatakuwa mengi. Pitisha jicho ukitafuta lolote linalokaribia orodha, kisha fungua kaya nzima. Tuseme umepata nyumba yenye Cornelius 17, Honora 14 na James 12. Toa 10: mwaka 1901 watoto hao wanatakiwa wawe na miaka 7, 4 na 2. Mpangilio huo wa umri ndio alama ya kidole ya familia, na hakuna karani anayeweza kuuharibu wote kwa mpigo mmoja.

Ukienda 1901 usimtafute James, maana James wamejaa kila kona. Mtafute Cornelius wa miaka 7, bila jina la ukoo. Kumbuka kwamba majina ya kwanza nayo yana vifupisho: Honora huandikwa Hanora au Nora, Bridget huwa Delia au Biddy. Umri nao usiubane: watoto wape miaka 2 kila upande, watu wazima 5. Kwa wazee uache uende hata 12 au zaidi. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na wengi waliokuwa na miaka 55 mwaka 1901 walijikuta wana 70 mwaka 1911.

Ukishapata kaya, usiishie kwenye maandishi yaliyochapwa. Fungua skani ya Fomu A, ile ya kaya, uangalie chini kulia. Kama mkuu wa kaya ametia sahihi kwa mkono wake, hiyo ndiyo tahajia ya familia. Kama kuna alama ya X, na safu ya elimu inasema hajui kusoma, basi jina limeandikwa na mtu mwingine, mara nyingi polisi, maana polisi ndio waliokuwa makarani wa sensa. Linganisha na Fomu B1, ambapo karani huyohuyo aliorodhesha wakuu wa kaya wa kitongoji kizima. Si ajabu Fomu A ikasema Kehoe na B1 ikasema Keogh. Soma na majirani kwenye B1, baba mdogo anaweza kuwa nyumba ya tatu.

Fomu ya 1911 ina safu tatu zisizokuwepo 1901: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, na walio hai sasa. Ukisoma 19, 7, 5, basi ndoa ilifungwa yapata 1892. Nenda irishgenealogy.ie, ambako skani za vizazi na ndoa zilizosajiliwa kuanzia 1864 ni bure. Tafuta ndoa ya miaka ile upate jina la mama kabla ya kuolewa, kisha kizazi cha James. Skani ya usajili wa kizazi hubeba jina hilo la mama. Likilingana na la kwenye ndoa, umempata.

Usipoona kitu kabisa, sababu za kawaida ni hizi. Sensa iliandika waliolala ndani usiku ule tu, kwa hiyo mtoto aliyekwenda kwa shangazi yuko kwenye fomu ya shangazi. Polisi wa kambini na wagonjwa wa hospitali za akili mara nyingi waliandikwa kwa herufi za kwanza za majina tu, J. K., hapo utafute kwa umri, kaunti ya kuzaliwa na kazi. Na kama kaunti uliyorithi kwa mdomo haizai kitu, hamia kaunti jirani: mtu aliyekulia mpakani mwa Wicklow na Wexford angeweza kutaja yoyote kati ya hizo mbili.

Kila tahajia uliyojaribu iandike kwenye daftari pamoja na mwaka, kaunti na tarehe ya kutafuta, hata iliyokosa. Bila hivyo, wiki ya tatu utakuwa unarudia Keough kwa mara ya nne, na Heogh hujaigusa.